Mali ya Jalalani: Waokota Matambara wa Paris

Gazeti lolote lililosomwa Paris mwaka 1830 lilikuwa limewahi kuvaliwa. Lilianza likiwa shati la mwashi, shuka la hospitali au tanga la mashua. Likachakaa, likatiwa viraka mpaka viraka vikashindana na nguo yenyewe, likawa tambara la kupigia deki, na mwisho likatupwa barabarani jioni pamoja na maganda ya viazi na majivu ya jikoni. Hapo ndipo lilipookotwa. Karatasi ya Ulaya wakati huo haikutokana na miti. Ilitokana na nguo kuukuu za kitani, katani na pamba, ambazo zilichambuliwa, zikaozeshwa au kuchemshwa, zikapondwa hadi zikawa uji, na uji huo ukatandazwa juu ya wavu na kukaushwa. Pasipo tambara hapakuwa na kitabu, hati ya mahakama wala noti ya benki.

Mahitaji yalipanda zaidi baada ya mwaka 1799, pale Nicolas-Louis Robert, aliyefanya kazi katika kiwanda cha karatasi cha Essonnes kusini mwa Paris, alipopata hataza ya mashine ya kwanza ya kutengeneza karatasi ndefu isiyokatika. Mashine hiyo, pamoja na zile zilizofuata nyayo zake, ilimeza matambara kwa kasi ambayo mikono ya mafundi haikuwahi kuijua. Magazeti yakaongezeka, shule zikaongezeka, ofisi za serikali zikajaa makabrasha. Kwa vipindi virefu Ufaransa ilikataza kabisa matambara yake yasiuzwe nchi za nje, kama nchi nyingine zilivyokataza kuuza nafaka wakati wa njaa.

Kazi ya kuyakusanya ilikuwa ya watu maskini kuliko wote jijini. Walitoka jua likizama, wanaume, wanawake na watoto, kila mtu mzima akiwa na tenga la fito mgongoni, kulabu mkononi na fanusi. Historia hii ni yao. Naiandika kwa sababu ugomvi wao na jiji la Paris, uliodumu zaidi ya miaka 100, ulihusu jambo ambalo majiji mengi hayajalimaliza hadi leo: kitu kikishatupwa nje ya mlango, ni cha nani?

Tambara lilikuwa la kwanza kwa thamani, lakini halikuwa peke yake ndani ya tenga. Mifupa iliyotoka kwenye masufuria ya mabwana iliuzwa viwandani, ile migumu na mizuri ikachongwa vifungo, mipini ya visu na dhumna. Iliyobaki ilichemshwa ikatoa gundi na jelatini, au ikachomwa ikawa mkaa mweusi. Mkaa huo wa mifupa ndio uliochuja sukari hadi ikawa nyeupe, na Paris ilikuwa na viwanda vikubwa vya kusafishia sukari. Fosforasi ya mifupa iliishia kwenye vichwa vya viberiti. Chupa zilizovunjika zilirudi tanuruni. Nywele zilizobaki kwenye vitana vya akina mama ziliokotwa unywele kwa unywele, zikaoshwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa nywele za bandia. Nguo za sufu zilizokwisha kabisa zilichanuliwa nyuzi na kusokotwa upya. Makopo ya sadini yalikatwa yakawa vichezeo vya watoto. Kiatu kilichotoboka hakikuwa kiatu kibovu, kilikuwa vipande vya ngozi ambavyo baadhi bado vilikuwa vizima, na fundi viatu alivijua. Sufuria lisilo na mpini, beseni lenye ufa, kiti chenye miguu mitatu, kinara cha mshumaa, fremu ya picha: vyote vilikuwa na mtu wa kuvirekebisha na mtu mwingine wa kuvinunua.

Mwanahistoria Sabine Barles, katika kitabu alichokitoa mwaka 2005, ameonyesha jambo ambalo wengi tunalisahau, kwamba taka kama tunavyozijua, yaani vitu visivyo na kazi yoyote ambavyo jiji linatafuta tu pa kuvificha, ni jambo jipya. Paris ya nusu ya kwanza ya karne ya 19 ililisha viwanda vyake na mashamba yaliyoizunguka kwa mabaki yake yenyewe. Tope la barabarani lilikuwa mbolea, na wakulima walilinunua. Kati ya mlango wa nyumba na mlango wa kiwanda alisimama mwokota matambara. Ukimwondoa yeye, mnyororo wote unakatika.

Hata hivyo serikali ilimtazama kwa hofu. Alitembea usiku, alijua milango yote, hakuwa na bwana, na polisi waliamini kuwa wafungwa waliotoka gerezani walijificha katika kazi hiyo. Mwaka 1828 mkuu wa polisi wa Paris, Louis-Maurice Debelleyme, aliamuru kila mwokota matambara aandikishwe na avae medali ya shaba yenye jina na maelezo yake. Nia ilikuwa kuwadhibiti. Lakini medali ina pande mbili. Mtu aliyekuwa akifukuzwa kila kichochoro sasa alikuwa na kitu cha kumwonyesha askari, kilichosema kwamba jiji linamtambua na kazi yake ni halali. Wengi waliivaa kwa fahari, na watoto wakarithi medali za wazazi wao waliofariki.

Kisha ukaja mwaka 1832.

Kipindupindu kiliingia Paris mwishoni mwa Machi. Hakuna aliyejua kinavyoenea, na madaktari wengi waliamini kuwa kinatokana na hewa chafu, hivyo uchafu wa barabarani ukawa mshtakiwa wa kwanza. Kwa desturi ya wakati huo, kila nyumba ilimwaga taka zake barabarani jioni, na mikokoteni ya mkandarasi ikapita asubuhi kuzizoa. Saa zilizokuwa katikati ndizo zilizokuwa shamba la waokota matambara. Jiji lilikuwa limefanya mkataba mpya wa uzoaji ulioruhusu mikokoteni kupita jioni pia, na wenye mamlaka wakaona huu ndio wakati wa kuutekeleza. Kwa ofisi, hilo lilikuwa jambo la usafi. Kwa maelfu ya familia, lilikuwa amri ya kulala njaa, tena wakati ambapo majirani zao walikuwa wanakufa.

Tarehe 1 Aprili ghasia zikaanza. Waokota matambara, wanawake wakiwa mstari wa mbele, waliivamia mikokoteni mipya, wakaivunja na kuichoma moto. Siku iliyofuata mkuu wa polisi Henri Gisquet alitoa tangazo lililozungumzia watu wanaosambaza uvumi na hata kujaribu kutia sumu, na tangazo hilo likawasha moto mbaya zaidi. Watu waliingiwa na wazo kwamba hakuna kipindupindu, kwamba matajiri na serikali wanawatilia maskini sumu katika visima na mvinyo. Wapita njia waliodhaniwa kuwa watia sumu waliuawa na makundi barabarani. Yote haya yalitokea katika juma moja. Kabla ugonjwa haujaisha, zaidi ya watu 18,000 wa Paris walikuwa wamekufa, akiwemo waziri mkuu Casimir Perier, aliyefariki tarehe 16 Mei.

Masimulizi mengi huichanganya ghasia ya waokota matambara na ule wazimu wa sumu, kana kwamba yote yalikuwa ujinga wa kundi moja la watu. Si haki. Waliochoma mikokoteni walijua vizuri kabisa walichokuwa wanakichoma. Hawakupinga dawa wala hospitali, walipinga mkataba. Walikuwa wamesoma, bila kujua kusoma, kipengele kimoja ambacho mwandishi wake hakuwa amewaza kuwa kinamhusu mtu yeyote. Na walishinda kwa kiasi chao, kwani utaratibu wa kumwaga taka barabarani na kuziacha zichambuliwe usiku uliendelea kwa miongo kadhaa baada ya hapo.

Miongo hiyo ndiyo iliyowapa umaarufu. Mwaka 1847 Félix Pyat alipeleka jukwaani tamthilia yake kuhusu mwokota matambara wa Paris, na mwigizaji mashuhuri Frédérick Lemaître akashika nafasi ya mwokotaji huyo. Mshairi Charles Baudelaire aliwatungia shairi lililomo katika diwani yake ya mwaka 1857. Mchoraji Édouard Manet alimchora mmoja wao, akiwa amesimama, katika miaka ya 1860. Mtaalamu wa fasihi Antoine Compagnon ametumia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2017, kufuatilia jinsi mtu huyu alivyojaa katika fasihi ya Ufaransa. Mimi nina shaka moja juu ya sanaa hiyo yote. Wasanii walimpenda mzee wa usiku, mpweke mwenye fanusi na hekima. Nusu ya pili ya kazi, iliyofanyika mchana nyumbani, haikuwavutia. Huko tenga lilimwagwa sakafuni, na mama na watoto wakakaa saa nyingi katika chumba kimoja chenye harufu ya mifupa, wakitenga kitani na pamba, nyeupe na rangi, sufu na hariri, chuma na shaba. Thamani yote ilizaliwa pale. Tambara lililochanganywa halikuwa na bei.

Ndani ya kazi yenyewe mlikuwa na vyeo. Wa chini kabisa alikuwa mtembezi, asiye na mtaa wake, aliyechokoa kila rundo alilolikuta kabla mwenzake hajafika. Juu yake alikuwepo mwenye kituo. Huyu alikuwa na nyumba zake maalumu katika barabara zake maalumu, na alikubaliana na bawabu wa kila nyumba aingie mpaka ndani ya ua kuchambua taka kabla hazijatolewa. Kwa hisani hiyo alimsaidia bawabu kazi nzito, akabeba, akafagia. Heshima yake ilikuwa mtaji wake: kijiko cha fedha kilichodondokea kwenye maganda ya mboga alikirudisha, maana kijiko kimoja kilichopotea kingemnyang'anya barabara nzima. Kituo kilirithiwa na mtoto, kiliuzwa kwa fedha taslimu, kilipewa binti anapoolewa. Hakuna sheria ya Ufaransa iliyosema kwamba mtu anaweza kumiliki haki ya kuchambua taka za mtaa fulani, lakini kila mtu katika mtaa alijua ni ya nani. Juu ya wote alikaa mwenye ghala, aliyepima kwa mizani na kununua kwa bei yake, kisha akauza viwandani kwa shehena. Faida kubwa ilibaki kwake. Huo nao ni ukweli wa biashara hii.

Mwaka 1853 Georges Haussmann alikabidhiwa utawala wa Seine, mkoa uliokuwa na jiji la Paris ndani yake, na kwa miaka 17 akaibomoa Paris ya kale ili kujenga njia pana tunazozijua leo. Vyumba vya bei rahisi vya katikati ya jiji vikaondoka, na waokota matambara wakasukumwa pembeni. Baadhi walikuwa wamekwisha kukusanyika kusini-mashariki, katika makazi yaliyoitwa Cité Doré, ambayo mwandishi Alexandre Privat d'Anglemont, mzaliwa wa Guadeloupe, aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1854. Wengine walivuka ukuta. Paris ilikuwa imezungushiwa ngome kati ya mwaka 1841 na 1844, na nje ya ngome hiyo kulikuwa na ukanda wa upana wa mita 250 ambao jeshi lilikataza usijengwe kitu cha kudumu. Kilichokatazwa kuwa cha kudumu kikajaa vibanda. Watu waliuita ukanda huo Zone. Kutoka huko mwokota matambara alitembea usiku kwenda mjini na alfajiri kurudi, mzigo mgongoni, umbali uliokuwa mrefu zaidi ya ule wa baba yake.

Hapo ndipo alipoingia Eugène Poubelle.

Alizaliwa Caen mwaka 1831, alikuwa mwalimu wa sheria kabla ya kuingia utawala, na mwaka 1883 alishika mkoa wa Seine. Tarehe 24 Novemba mwaka huohuo alitia saini amri iliyomtaka kila mwenye nyumba mjini Paris awape wapangaji wake chombo cha pamoja cha taka, chenye mfuniko na ukubwa uliopangwa, kitakachotolewa nje asubuhi karibu na saa ya mkokoteni na kurudishwa ndani mara tu baada ya kumwagwa. Ilikuwa ianze kazi tarehe 15 Januari 1884. Kumwaga taka barabarani kukawa kosa. Amri hiyo ilikwenda mbali kuliko watu wengi wanavyokumbuka, kwani ilitaka taka zitenganishwe: zile zinazooza katika chombo chake, karatasi na matambara katika kingine, na vigae, vioo na makombe ya chaza katika cha tatu.

Kelele zilizuka kila upande. Wenye nyumba walilalamikia gharama. Mabawabu walilalamikia kuamka mapema na kubeba vyombo vizito. Magazeti yalimshambulia, na kwa kumkejeli yakaviita vyombo hivyo kwa jina lake. Kejeli hiyo ikamzidi maisha, maana mpaka leo Mfaransa akitaja pipa la taka anataja jina la Poubelle. Ila malalamiko yaliyokuwa na uzito wa kweli yalitoka kwa waokota matambara. Walikuwa wamejipanga vizuri kuliko mwaka 1832. Mikokoteni haikuchomwa tena. Walifanya mikutano, wakatuma wajumbe, wakapata watetezi magazetini na bungeni. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka: taka zikikaa ndani ya chombo mpaka dakika za mwisho, kisha zikapinduliwa moja kwa moja ndani ya mkokoteni, sisi tutachambua wapi na saa ngapi?

Poubelle hakuwa mtu mbaya, na sipendi jinsi anavyosimuliwa kana kwamba aliwaonea maskini kwa kupenda. Paris ilikuwa inanuka. Panya walikuwa wengi, watoto walikufa kwa homa za uchafu, na elimu ya vijidudu ya Louis Pasteur ilikuwa imeanza kuwaeleza watu sababu. Mtu huyuhuyu ndiye aliyepigania nyumba zote ziunganishwe na mfereji wa majitaka, jambo lililopitishwa kuwa sheria mwaka 1894. Na alisikiliza. Waokota matambara waliruhusiwa kumwaga chombo juu ya turubai, kuchambua haraka, kisha kurudisha mabaki ndani kabla mkokoteni haujafika. Amri ya pili, ya tarehe 7 Machi 1884, ililegeza masharti mengine. Kile kipengele cha vyombo vitatu kikafa kimyakimya, kwa kuwa nyumba chache zilikuwa na nafasi au nia ya kukitimiza.

Lakini turubai halikumwokoa kila mtu. Mtembezi wa usiku alikwisha, kwa sababu hapakuwa tena na rundo la kuchokoa usiku. Mwenye kituo, aliyekuwa tayari na urafiki na bawabu, ndiye aliyeweza kuingia uani kabla ya alfajiri, na thamani ya kituo chake ikapanda. Amri iliyotolewa kwa ajili ya afya ya wote ikawagawa waokotaji wenyewe: waliokuwa na mlango wa kuingilia wakabaki, wasio nao wakatafuta kazi nyingine au wakawa vibarua wa wale waliobaki.

Pigo lililofuata halikutoka serikalini. Katika miaka hiyohiyo viwanda vya karatasi vilikuwa vimejifunza kutumia uji wa mbao, na misitu ya Skandinavia na kwingineko ilikuwa na mbao zisizo na mwisho. Bei ya matambara ikaporomoka. Mbolea za viwandani zikachukua nafasi ya mifupa na tope la Paris, na vifungo vikaanza kutengenezwa kwa malighafi mpya. Kila kitu kilichokuwa ndani ya tenga kilipoteza mnunuzi wake, kimoja baada ya kingine. Kilichobaki na thamani kilikuwa vyombo vyenyewe, yaani vitu vya nyumbani vinavyoweza kutumika tena kama vilivyo.

Ndiyo maana masoko ya kando ya ngome yalikua wakati uleule ambapo biashara ya matambara ilikuwa inakufa. Kaskazini mwa Paris, Saint-Ouen, waokotaji walitandaza ardhini kila Jumapili walichokirekebisha: masufuria, saa zisizotembea, magodoro, vioo, vitabu, viti. Wakazi wa Paris walitoka mjini kuja kutafuta vya bei nafuu, na soko hilo likapewa jina la viroboto. Kwa kawaida mwaka 1885 huhesabiwa kuwa mwaka wake wa kuanza rasmi. Mwaka 1920 mfanyabiashara Romain Vernaison alijenga vibanda vya kukodisha pale, na kidogokidogo wauzaji wa samani za kale wakachukua nafasi ya wale waliouza godoro lililoshonwa upya. Leo mtu anaweza kununua Saint-Ouen kabati linalozidi bei ya gari. Utajiri wa mahali pale ulianza mgongoni mwa mtu aliyelibeba kabati hilo kipande kwa kipande kutoka kwenye jaa.

Tunao ushahidi wa macho wa miaka ya mwisho. Eugène Atget, mpiga picha aliyeizunguka Paris na kamera yake nzito, alikwenda kwenye vibanda vya Zone, na picha zake za mwaka 1913 za porte d'Asnières zinaonyesha kile ambacho wachoraji walikikwepa: familia nzima mbele ya kibanda, katikati ya milundo ya matambara iliyokwisha kutengwa. Mwaka 1928 Georges Lacombe alipiga filamu isiyo na sauti kuhusu watu haohao, akiwafuata kuanzia mapipa ya alfajiri hadi uchambuzi wa mchana na soko. Ukiitazama unaona mikono. Inakwenda haraka, haisiti, inajua kwa kugusa tu kama kitambaa ni pamba au kitani.

Wakati Lacombe anapiga filamu, mwisho ulikuwa umekwisha kupangwa. Ubomoaji wa ngome ulianza mwaka 1919, na Zone ikaanza kusafishwa ili kupisha nyumba na viwanja vya michezo. Mwaka huohuo iliundwa kampuni ya SITA ya kuzoa taka kwa magari, na mwaka 1922 ikafuata TIRU, iliyochoma taka za Paris kwenye matanuri ili kupata mvuke na umeme. Gari lililofunikwa halimsubiri mtu mwenye turubai, na tanuri halitofautishi shati na ganda la kitunguu. Wakati wa vita vya pili vya dunia, dhiki iliwarudishia waokotaji umuhimu kwa muda, kwani kila kipande cha chuma na karatasi kilitafutwa. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, uokotaji kwenye mapipa ya Paris ukapigwa marufuku.

Miaka mitatu tu baadaye kazi hiyohiyo ilifufuka nje ya jiji kwa mlango mwingine. Huko Neuilly-Plaisance, mwaka 1949, padri Henri Grouès, ajulikanaye kama Abbé Pierre, alianza kuwapokea watu wasio na makazi katika nyumba yake, na hiyo ikawa jumuiya ya kwanza ya Emmaüs. Kilichowalisha kilikuwa mshahara wake wa ubunge. Alipopoteza kiti mwaka 1951, mshahara ukakoma, na wanajumuiya wakageukia walichokijua: kuokota, kuchambua, kutengeneza na kuuza vyombo vilivyotupwa. Katika baridi kali, tarehe 1 Februari 1954, aliwaomba wananchi kwa redio wasaidie watu waliokuwa wanakufa barabarani, na misaada ya mablanketi, nguo na samani ilimiminika kiasi cha kuhitaji maghala. Mwokota matambara akawa shujaa wa taifa miaka minane baada ya kukatazwa. Jina la padri huyo leo limebeba aibu nzito: kuanzia Julai 2024 wanawake wengi walitoa ushuhuda kwamba aliwadhalilisha kingono, na taasisi iliyobeba jina lake imeliacha. Jumuiya zenyewe zinaendelea, na katika maghala yake mtu maskini bado anaweza kununua kitanda, jiko na mavazi ya shule kwa bei anayoimudu.

Ndani ya Paris waokotaji nao hawakuisha, marufuku au pasi marufuku. Wastaafu wenye pensheni ndogo na wahamiaji wasio na vibali waliendelea kupita alfajiri kabla ya gari, kisha kutandaza walichopata kwenye vijia vya kando ya masoko ya viroboto, wakifukuzwa na polisi na kurudi. Mwaka 2009, baada ya miaka ya madai, jiji liliwatengea eneo chini ya daraja la porte Montmartre, likaikabidhi jumuiya ya Aurore kulisimamia. Nafasi zilikuwa 100. Walioruhusiwa walipewa kadi. Ni medali ya mwaka 1828 iliyorudi, safari hii baada ya waokotaji wenyewe kuidai.

Na sheria nazo zimerudi pale zilipotoka. Mwaka 2020 Ufaransa ilikataza makampuni kuharibu bidhaa mpya zisizouzika. Tangu Januari 2024 mabaki ya vyakula yanapaswa kutengwa na taka nyingine, na tangu Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo kuukuu peke yake. Hivyo ndivyo vile vyombo viwili vya kwanza vya Poubelle, baada ya miaka 140. Nguo zinazokusanywa hazigeuki tena kuwa gazeti. Nyingi hufungwa marobota na kusafirishwa, na msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anafahamu zinakofunguliwa.

Kwa maoni yangu, Paris ilikuwa na haki mwaka 1884 na ilikosea mwaka 1946. Amri ya Poubelle iliondoa uchafu barabarani lakini ikaacha mkono wa mtu kati ya pipa na mkokoteni, na mkono huo ulikuwa na elimu iliyokusanywa kwa vizazi. Marufuku iliuondoa bila kuweka kitu mahali pake, na jiji likatumia nusu karne iliyofuata kuchoma na kufukia mali, kisha likaanza kulipia kwa fedha za walipakodi uchambuzi uliokuwa ukifanywa bila kuligharimu chochote. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Madiwani wa majiji yetu wanaokaa leo kujadili mikataba ya magari ya taka ninawaomba jambo moja kabla hawajatia saini: wawaite kwanza watu wanaoishi kwa kuchambua taka hizo, wawaandikishe kwa majina, na waandike ndani ya mkataba wenyewe saa na mahali watakapofanyia kazi.